Salamu Zisizokuwa Zangu

Simu ilikuwa ya binti yangu. Naanza na hilo kwa sababu kwa muda mrefu nililisema kwa kulipinda: simu ya nyumbani, simu ya familia, simu aliyoniachia. Ilikuwa yake, namba ilikuwa yake, na salamu zilizokuwa zikiingia kila asubuhi saa moja ziliandikwa kwa ajili yake. Mimi ndiye niliyezijibu. Nilizijibu kwa karibu miezi miwili, na kwa kuzijibu nusura nimtoe mtoto wangu chuoni kwa mkono wangu mwenyewe.

Alikuwa mwaka wa pili katika chuo cha uuguzi, Mbeya. Miaka ile simu za mkononi zilikuwa zimeshafika mpaka kwetu Ngana, ingawa umeme ulikuwa bado. Wanunuzi binafsi wa kokoa walikuwa wakija na mizani zao hadi uani na kupigiana simu juu ya bei mbele ya macho yetu. Mume wangu hakutaka kuwa na simu. Alikuwa akisema anayemtaka anajua njia ya kwake. Alipougua tumbo, binti alikuja kutoka chuoni na simu yake ndogo, na ndiyo tuliyoitumia kuita gari, kuita ndugu, na mwisho kuwaambia watu kwamba amefariki.

Baada ya mazishi wanawake walilala nami chini kwenye mikeka, kama ilivyo kwetu. Walipika, walichota maji, waliniogesha nilipokataa kuoga. Siku ya kuvunja matanga wakakunja mikeka yao na kwenda, kila mmoja na mpunga wake unaomsubiri shambani. Binti alibaki siku chache, kisha naye akaaga kwa sababu mitihani ilikuwa karibu.

Nilimsindikiza hadi barabarani. Gari ilipokuwa inakuja akatoa simu mfukoni akanipa.

"Kaa nayo, mama. Ndugu wa ng'ambo ya mto wakipiga kukupa pole watakupata. Mimi nitaazima ya mwenzangu chumbani."

"Na watu wako wakikutafuta?"

"Watu gani, mama?" Akacheka kidogo, kicheko cha pua tu.

Alinionyesha kitufe cha kijani cha kupokea na chekundu cha kukata. Habari ya ujumbe wa maandishi hakunifundisha. Aliamini sitaweza, nami niliamini hivyo hivyo. Nilisoma mpaka darasa la saba. Kusoma najua, lakini vile vitufe vidogo vilikuwa kwangu kama meno ya panya.

Asubuhi ya kwanza nikiwa peke yangu ndani ya nyumba ile, simu ililia mara moja tu, ikanyamaza. Nikaisogeza mlangoni kwenye mwanga. Ilikuwa imeandika: Habari za asubuhi, mpendwa mwanafunzi. Unajisikiaje leo? Jibu kwa namba. 1 vibaya sana. 2 vibaya. 3 kawaida. 4 vizuri. 5 vizuri sana.

Nikaiweka. Kesho yake ikaja tena, na safari hii iliongeza: Hukutujibu jana. Tunakujali.

Sijui kwingine watu wanaishije, lakini kwetu salamu haiachwi hewani. Mtu akikupitia umbali wa mashamba mawili akakuita "Ugonile!" unaacha jembe, unanyoosha mgongo, unamjibu. Ukinyamaza, jioni kijiji kizima kinajua kwamba mmegombana, na watakuja watu kuwapatanisha. Hivyo lile neno la kwamba sikujibu jana lilinichoma. Nilijiona mtu asiye na adabu. Nimetoka kumzika mume, nimekaa peke yangu siku mbili tu, na nimeshaanza kuwanyamazia watu.

Siku ya soko nikaenda nayo Kyela. Simu zile zilikuwa zinakaa na chaji siku tano au sita, na mimi nilikuwa nachajia Mbugani, pale pale mjini, kwenye duka la bwana mmoja ambaye babu yake alitoka pwani na kuweka maskani pale. Alikuwa anauza sukari, khanga na betri, na kwenye kona alikuwa na ubao wenye nyaya nyingi ambao simu za vijiji vyote zililala kama samaki kwenye chanja. Nilipoenda kuchukua yangu akaniambia:

"Mama, huyu anayekusalimu ni nani? Tangu nimechomeka inalia."

"Ni watu tu. Nifundishe kuwajibu."

Akavaa miwani. "Hawa wanataka namba. Unabonyeza hapa, unaandika namba, unatuma. Bure, hawakukati hata senti." Akasoma tena, akainua miwani juu ya paji la uso. "Lakini hii imeandikwa mwanafunzi. Umerudi shule, mama? Sare umeshashona?"

Wanawake wawili waliokuwa wakichagua khanga wakacheka.

"Binti yangu kaniambia nimjibie," nikasema.

Hakuwa ameniambia. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu baadaye nilijitetea moyoni kwamba sikuelewa. Nilielewa siku ile ile, dukani, mbele ya mashahidi.

"Haya chagua. Unajisikiaje?"

"Tano."

"Tano ni vizuri sana, mama." Alijua nimefiwa. Nilikuwa nimejifunga kitambaa cheusi kichwani.

"Si ndivyo watu wanavyojibu salamu?"

Akatikisa kichwa taratibu. "Ni kweli. Mimi nikiulizwa habari za biashara nasema nzuri, na nusu ya rafu ni tupu." Akanionyesha, nikabonyeza mwenyewe. Kabla sijatoka dukani simu ikalia: Asante! Tunafurahi kusikia hivyo.

Mtu anafurahi kusikia kwamba mimi ni mzima. Nilirudi nyumbani na neno lile.

Ule ulikuwa mpango wa chuo. Binti alikuja kunieleza baadaye kwamba wanafunzi waliokuwa wakizidiwa na mawazo walikuwa wengi, mshauri alikuwa mmoja, na hivyo walianzisha njia ya kuwafuata kwa simu. Asubuhi salamu, kisha zoezi la siku la kutuliza akili. Kulikuwa na namba ya kupiga bila malipo, unapokewa na sauti ya mwanamke iliyorekodiwa. Mimi nilijifunza kuipiga. Nilikuwa nakaa kwenye kigoda karibu na meza ya kuanikia kokoa, naweka simu sikioni, na yule mwanamke ananiambia nifumbe macho. Vuta pumzi, hesabu mpaka nne. Ishike. Iachie polepole. Sikiliza sauti zilizo karibu nawe, usizihukumu.

Mara ya kwanza nusura nicheke. Nimhukumu kuku kwa kosa gani? Lakini nilifanya. Nikasikia kuku, nikasikia mtwangio wa jirani, nikasikia majani ya migomba yanavyokwaruzana. Nikavuta, nikashika, nikaachia. Na kile kitu kilichokuwa kimekaa kifuani tangu mume wangu alipoacha kunijibu kikashuka kidogo. Kilishuka kweli. Kesho yake nilirudia.

Wifi yangu, dada yake marehemu, alinikuta siku moja nimefumba macho na kidole cha mkono wa pili kinahesabu.

"Wifi! Unapumua kama ng'ombe anayezaa. Nimuite daktari wa mifugo?"

"Naongea na simu."

"Simu ndiyo inakuambia uheme hivyo? Ni mwanamume?"

"Ni mwanamke."

"Ndiyo mbaya zaidi," akasema, akaketi, akaanza kugeuza kokoa huku anacheka peke yake. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka katika ua ule tangu msiba, na mimi nikacheka pia. Hivyo sikusema uongo kabisa nilipobonyeza tano kesho yake. Hayo ndiyo niliyojiambia.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nasubiri ile salamu. Nilikuwa naamka kabla yake, nakoka moto, naosha uso, nakaa. Watu wote walikuwa wamerudi kwenye mambo yao, na sikuwalaumu. Lakini kila siku saa moja kuna mtu ananiuliza nimeamkaje. Ilikuwa imeandikwa mwanafunzi, na mimi nilikuwa napitisha macho juu ya neno lile kama unavyoruka dimbwi njiani. Nilikuwa najiambia kwamba salamu ni salamu, haina mwenyewe.

Binti alikuwa anapiga Jumapili kwa simu ya mwenzake.

"Hujambo, mama?"

"Sijambo. Wewe?"

"Sijambo."

"Masomo?"

"Yanaendelea. Umekula?"

"Nimekula. Wewe umekula?"

"Nimekula."

Wiki baada ya wiki maneno ni yale yale. Sauti yake ilikuwa inapungua kama redio ambayo betri zinaisha, nami nilisema ni mtandao. Sikumwambia habari za salamu hata mara moja. Niliogopa atasema, mama, hizo ni zangu, nitumie simu yangu. Niseme lote: niliogopa kunyang'anywa.

Halafu, kama wiki ya tano, ikaja asubuhi iliyokuwa tofauti. Ujumbe ulikuwa mrefu, niliusoma mara tatu. Mpendwa mwanafunzi, tunajua umefiwa na mzazi hivi karibuni. Tunafurahi kuona majibu yako yanaonyesha unaendelea vizuri. Je, ungependa kuonana na mshauri wiki hii? Jibu NDIYO au HAPANA.

Pale hapakuwa na dimbwi la kuruka. Aliyefiwa na mzazi hakuwa mimi. Mimi wazazi wangu walikufa zamani. Aliyekuwa anaulizwa ni mtoto wangu, na swali lilikuwa linasubiri jibu lake. Ningeweza kwenda kwa wifi, ambaye alikuwa na simu yenye salio na namba ya yule mwenzake wa chumbani, tukampigia. Ilikuwa kazi ya dakika kumi.

Sikuenda. Nilikaa na simu mkononi mpaka moto ukazimika. Niliwaza: nikisema ndiyo, watamwita, watagundua kwamba simu hana, watauliza anayejibu ni nani. Na niliwaza lingine pia, baya zaidi. Niliwaza watu watasikia kwamba mtoto wa marehemu anapelekwa kwa mshauri. Kwetu mtu akisikia hivyo hasikii ushauri, anasikia ugonjwa wa kichwa. Ukoo ule una kichwa. Nani atakuja kumwoa? Niliwaza jina la nyumba kabla ya kumwaza aliyemo.

Nikatafuta herufi moja moja kwa kidole cha shahada. H ilinichukua muda. Nikaandika HAPANA, nikatuma. Lilikuwa neno la kwanza nililowahi kuandika kwenye simu.

Wakajibu: Sawa. Tunakutakia siku njema.

Kama wiki mbili baadaye, siku ya Alhamisi mchana, binti akaingia uani na begi lake. Hakuwa ametoa taarifa. Blauzi iliyokuwa ikimbana mabegani ilikuwa inaning'inia. Akanisalimu, akapita ndani, akalala kwenye kitanda chake akiwa amevaa viatu. Nilimvua mwenyewe.

Alikuwa na barua kutoka chuoni. Hakuingia kwenye mitihani miwili, na kwa wiki tatu hakuonekana darasani. Anatakiwa kufika na mzazi wake si zaidi ya Jumatatu ya wiki ya pili kueleza sababu. Asipofika, jina lake litaondolewa.

"Tutaenda," nikamwambia.

"Siendi, mama."

"Utaenda."

"Siendi." Akageukia ukutani.

Majirani walipouliza nilisema ana malaria. Nilisema kwa sauti, ili niliseme mara moja lifike kote. Wifi alikuja, akamtazama, akatoka nje akanishika kiwiko.

"Malaria gani hii haina homa wala haitaki dawa?"

"Ni malaria ya huko Mbeya," nikasema.

"Mbeya kuna baridi, wifi. Mbu wa Mbeya wanavaa sweta?" Lakini hakucheka.

Siku ya tatu nilimgombeza. Nilisimama mlangoni kwake na ungo mkononi nikamwambia baba yake amekufa kwangu pia, na mimi naamka, nalima, nageuza kokoa, nakula. Kwamba aliyemsomesha ni yule aliye chini ya udongo, na yeye analala tu kama mgonjwa. Nilisema mengi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akainuka, akanifuata nje, akaanza kumenya ndizi nami bila kuambiwa. Baada ya ndizi nne au tano ndipo akasema.

"Kule hakuna mtu, mama."

"Chuo kizima hakuna mtu?"

"Kuna ule mpango wa simu. Siku ya kwanza tulipojiandikisha walituahidi: kila asubuhi watatusalimu. Ukinyamaza siku tatu, mshauri anakuja mwenyewe chumbani kukutafuta. Na anakuja kweli. Mwenzetu mmoja aliachwa na mchumba wake, akanyamaza, siku ya nne mshauri akabisha hodi. Mimi nimefiwa na baba, simu nimeiacha kwako, nimenyamaza miezi miwili." Akachukua ndizi nyingine. "Nilikuwa nalala nasikiliza viatu kwenye korido. Nasema, leo ni leo. Vinapita."

Mikono yangu iliendelea kumenya. Simu ilikuwa kwenye pindo la kitenge, kiunoni, inanigusa mbavu.

"Si ungeenda wewe ofisini kwake?"

Akanitazama kama mtu anayetazama mgeni. "Mama, wewe ulitoka ukaenda kubisha hodi kwa watu, ukawaambia nimefiwa?"

Ndivyo tulivyowalea. Mfiwa anakaa chini, watu ndio wanaokuja. Alikaa chini kule Mbeya, akasubiri mikeka, na aliyewarudisha watu njiani ni mimi.

Pale ndipo nilipopaswa kusema. Kisu kilikuwa mkononi, simu kiunoni, mtoto mbele yangu, na nafasi ilikuwa wazi. Nilisema, "Maharage yanaungua," nikaingia jikoni. Hatukuwa na maharage jikoni siku ile. Alijua pia kwamba hatukuwa nayo.

Siku zilizofuata ndizo ninazozionea aibu zaidi kuliko zile "tano" zote nilizotuma kabla. Salamu ziliendelea kuja, kwa sababu jina lake lilikuwa bado halijaondolewa. Nilizima mlio, ikawa inatetemeka tu. Kila asubuhi saa moja, binti yangu amelala upande wa pili wa ukuta na uso wake umegeukia matofali, mimi nilikwenda nyuma ya jiko, nikabonyeza tano, nikatuma. Nilifanya hivyo siku sita. Niliogopa kwamba nikiacha kujibu watapiga, na wakipiga itajulikana. Kwa hiyo niliendelea kuwaambia chuo kwamba mtoto wangu anajisikia vizuri sana, huku nasikia anavyokohoa kilio chake kwenye mto.

Na lile zoezi la kupumua? Nilijaribu. Sauti ikaniambia nisikilize vilivyo karibu nami nisivihukumu. Nikakata.

Asubuhi ya Jumamosi, kabla ya ile Jumatatu, alitoka akaja kunisaidia kugeuza kokoa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutoka asubuhi. Tulikuwa tumesimama kila mmoja upande wake wa meza, tunapitisha viganja juu ya mbegu. Akasema, bila hasira, kama mtu anayesema habari za mvua:

"Nimeamua nitalima na wewe tu. Mtu akikaa mahali ambapo hata akipotea haulizwi, anakaa kwa nini?"

Simu ikatetemeka kiunoni.

Nilifungua pindo, nikaitoa, nikampa.

"Soma," nikasema.

"Ni ya nani?"

"Ni yako. Soma zilizoingia, kisha soma zilizotoka."

Sikuwa na hakika kama zilizotoka zinabaki. Mwenye duka ndiye aliyewahi kuniambia kwamba simu inaweka kila kitu, nami nilikuwa nimelisahau hilo mpaka pale. Akasoma. Kidole chake kilikuwa kinashuka, kinashuka. Najua alikuwa anaona nini: tano, tano, tano, tano. Kisha kidole kikasimama.

"Hii HAPANA uliandika wewe?"

"Mimi."

"Ulijua ni swali langu?"

Ningeweza kusema sikuelewa. Darasa la saba ningelifanya ngao, na angeniamini, kwa sababu alitaka kuniamini. Nilimwona anataka.

"Nilijua," nikasema.

"Kwa nini?"

Nikamwambia. Nikamwambia habari ya salamu kutojibiwa, kisha habari ya kusubiri saa moja kila siku, kisha habari ya watu na kichwa na kuolewa. Nikamwambia na zile sita za nyuma ya jiko. Nilikuwa nageuza kokoa wakati wote, sehemu ile ile moja, mpaka mbegu zikawa zimeachia mkeka wazi. Nilipomaliza aliweka simu juu ya meza, akaondoka kwa njia ya mtoni. Nilitaka kumfuata. Nilimfuata mpaka kwenye migomba, nikamwona amekaa ukingoni miguu ndani ya maji, nikarudi.

Alirudi mchana. Akaingia chumbani, akaanza kukunja nguo.

"Kesho kutwa tunaenda," akasema. "Lakini utawaambia wewe. Kwa mdomo wako, mbele yangu."

"Nitawaambia."

"Usiseme malaria."

Jumatatu tulipanda basi la alfajiri. Kulikuwa na viti viwili vya pamoja na yeye akachagua cha nyuma, karibu na mama mwenye ndoo ya samaki wadogo wa usipa. Mpaka Tukuyu nilikuwa nageuka kumtazama, kisha nikaacha, kwa sababu niliona namchosha.

Mshauri alikuwa msichana mdogo kuliko nilivyomdhania. Nilimtegemea mtu mzima wa kunikemea, nikamkuta mtoto wa watu anayeinuka kwenye kiti na kuniambia "Shikamoo, mama" na kunisogezea kiti kilicho bora. Hilo lilifanya kazi kuwa ngumu. Niliongea nimeshika mkoba kwa mikono miwili. Nilisema mimi ndiye niliyekuwa najibu. Nilisema nilijua. Nilisema msimwandike mtoto kwamba alidharau, alikuwa anawasubiri.

Yule msichana alifungua daftari kubwa, akapitisha kidole kwenye mstari mmoja mrefu.

"Tulikuwa tunamtaja kwa wenzake," akasema. "Tunasema, mtazameni huyu, amefiwa na bado anajikaza." Akamgeukia binti. "Nisamehe. Nilipaswa kuja kukuona kwa macho."

Binti alianza kulia. Hakulia kama alivyokuwa akilia nyumbani, kwenye mto. Alilia wazi, mdomo wazi, kama mtoto mdogo. Mimi nikainuka nimshike, na mshauri akainua mkono wake, kwa upole kabisa.

"Mama, naomba utusubiri nje. Haya sasa ni ya kwake."

Nikatoka. Kulikuwa na benchi chini ya dirisha, na dirisha lilikuwa wazi. Niliketi pale. Sauti ya mwanangu ilikuwa inafika, si maneno, sauti tu, na nilijua nikisogea kiasi cha mkono mmoja nitasikia na maneno. Nilitaka sana. Nilitaka kujua kama ananitaja, na ananitajaje. Hata pale nilikuwa bado najitafuta mwenyewe ndani ya habari zake. Nilisogea, niseme ukweli, nilisogea, nikasikia neno moja, "baba". Ndipo nikainuka, nikavuka uwanja mzima hadi getini, nikasimama na mlinzi mahali ambapo hakuna kinachosikika.

Mlinzi akaniuliza, "Umemleta mwanao, mama?"

"Ndiyo."

"Anaumwa?"

"Ndiyo," nikasema. "Amefiwa na baba yake, na anaumwa."

"Pole sana," akasema, akanipisha kwenye kivuli cha kibanda chake.

Nadhani zilipita saa mbili. Alipotoka macho yalikuwa yamevimba na alikuwa anatembea polepole. Alinikuta getini.

"Wamesema nitarudia muhula. Na kila Jumatano niwe naenda kwake."

"Utarudia?"

"Nitarudia. Nenda, mama, usikose basi." Akashika simu yake, akaiweka mfukoni. "Jumapili nitapiga kwa shangazi."

Jumapili nilikwenda kwa wifi tangu mchana, nikakaa kwenye baraza yake. Hakupiga. Jumapili ya pili hakupiga, na wifi, ambaye nilikuwa nimeshamweleza yote na alikuwa ameshanisema yote, hakunitania. Jumapili ya tatu simu ikalia, wifi akaniwekea sikioni.

"Hujambo, mama?"

"Sijambo. Wewe?"

Nikasikia watu wakipita nyuma yake, na mlango ukifungwa.

"Sijambo, lakini si sana, mama. Jana nimelia tangu asubuhi, sikula. Leo nimekula kidogo. Nilimwota baba ananiambia nimemcheleweshea dawa yake."

Ulimi wangu ulikuwa umeshaandaa maneno. Usilie. Jikaze. Yamepita. Yalikuwa yamejipanga mdomoni kabla hajamaliza, kama yalivyojipanga kwa mama yangu na kwa mama yake. Niliyabana. Wifi alikuwa ananitazama, ananionyesha kwa mikono, sema, sema kitu.

"Dawa gani, mwanangu?" nikamuuliza.

"Ile ya saa sita usiku," akasema. "Siku ile ya mwisho. Nilisinzia, mama."

Sikuwahi kulijua hilo. Nikakaa chini barazani, nikamwambia aendelee, nasikiliza, na akaendelea.